Niliwasomea Kila Neno

Sehemu ya nne

Jumatatu, tarehe 15 Aprili, mwaka 2019, saa nne asubuhi, wifi yangu aliingia nyumbani kwangu akiwa amekumbatia katoni, akaiweka juu ya meza ya kulia bila kuuliza kama meza ilikuwa na nafasi au kama mimi nilikuwa na nafasi.

"Wifi," aliniambia, "nimekuja kukutajirisha. Funga mlango."

Sikuufunga. Ningekuwa na akili, ningeufunga dakika tano kabla hajafika, mimi nikiwa ndani na yeye akiwa nje.

Kwa wewe uliyeazima gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitakueleza kwa ufupi mimi ni nani na aibu yangu ya mwanzo ilikuwa ipi, ili hii ya pili uweze kuipima vizuri.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili. Kwa miaka ishirini nilipiga pasi mashuka ya hoteli, hadi siku nilipoanguka kifudifudi juu ya meza ya pasi, na meneja akanieleza kwa upole kwamba hoteli inahitaji watu wanaosimama. Zahanati walinipima, wakakuta presha imepanda. Daktari, mtu ambaye tumbo lake huingia chumbani kwanza na mwenyewe hufuata, akaniambia, "Mama, fanya mazoezi. Kila siku, nusu saa, usikose."

Mwaka ule ule nilikuwa nimejiunga na darasa la kisomo cha watu wazima. Neno "mazoezi" nilikuwa nimekutana nalo mahali pamoja tu: kwenye jalada la daftari. Basi nilinunua madaftari, na kila siku, nusu saa, bila kukosa, nikafanya mazoezi. Imla. Kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Kutaja kinyume cha maneno: mrefu, mfupi, mnene, mwembamba. Baada ya miezi mitatu nilimpelekea daktari madaftari manne yaliyojaa alama za vema, nikayapanga mezani kwake, nikakaa kusubiri sifa.

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Presha ilikuwa imepanda zaidi, kwa sababu ya kukaa sana. Kabla sijafika nyumbani, mtaa mzima ulikuwa umeshanipa jina: Mama Mazoezi.

Jina hilo nililikasirikia wiki moja. Wiki ya pili nililivaa. Nilianza kutembea kila asubuhi, na wa kwanza kunifuata alikuwa rafiki yangu Mama Cherehani, fundi wa nguo, ambaye naye alikuwa na presha na ndiye peke yake ambaye hakunicheka. Wakaongezeka wengine. Kufikia mwezi huo wa nne tulikuwa wanawake kumi na wanane, wote tuliovuka arobaini, tukirusha mikono na miguu uani, nyuma ya jengo la kisomo. Kila mmoja alilipa ada yake ndogo, na aliyesimama mbele alikuwa mimi. Nilikuwa na biashara.

Hapo ndipo wifi aliponikuta.

Alifungua katoni akatoa pakiti ya kijani. "Unga wa majani. Kijiko kimoja kwenye maji moto, asubuhi. Tumbo linaaga lenyewe. Wewe una watu kumi na wanane wanaotaka kupungua, mimi nina kitu kinachopunguza. Mungu ametukutanisha."

"Aliyetukutanisha ni kaka yako," nilimjibu, "na hakuomba ushauri wa mtu."

Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Yeye ni fundi wa saa, na katika miaka ishirini na tisa ya ndoa yetu hajawahi kufika popote kwa wakati.

"Mama watoto," alisema, "mpe dada nafasi. Yeye ana kichwa cha biashara."

"Kichwa anacho. Lakini kabla sijapeleka kitu hiki kwa wenzangu, nitakisoma."

Wifi alimgeukia kaka yake. "Atakisoma?"

"Atakisoma," mume wangu alisema. "Weka chai jikoni, dada. Hii ni safari ndefu."

Nilivuta kiti, nikaiinua pakiti hadi kwenye mwanga. Upande wa mbele ulikuwa rahisi, herufi kubwa kama za bango: PUNGUA UPENDEZE. Nikaigeuza. Herufi za nyuma zilikuwa ndogo, lakini mimi si mtu wa kukimbia herufi kwa sababu ni ndogo. Niliweka kidole chini ya kila neno.

"Haifai kwa wajawazito," nilisoma.

"Hongera," mume wangu alisema. "Hapo sote tumepita."

"Haifai kwa watoto wadogo."

"Endelea."

"Haifai kwa wenye shi-ni-ki-zo. Shinikizo. Haifai kwa wenye shinikizo la damu."

Nilisimama hapo, kama nilivyofundishwa kusimama penye neno jipya.

Ninaomba unielewe, ndugu msomaji, kwa sababu kila ninayemweleza hucheka mapema mno. Neno "shinikizo" halikuwa geni masikioni mwangu. Nilikuwa nalisikia redioni kila siku: kiongozi fulani amejiuzulu kwa shinikizo la wananchi, chama fulani kimekubali kwa shinikizo la wanachama. Shinikizo ni kusukumwa ufanye jambo usilolitaka. Na damu pia ninaijua. Tunasema ndugu wa damu, mtoto wa damu yangu. Kwa hiyo nilichukua neno la kwanza nikaliunganisha na la pili, kwa utaratibu, na jibu likaja safi kabisa.

"Maana yake nini hapo?" mume wangu aliuliza. Alisoma shule miaka saba, lakini tangu hapo amekuwa akisoma matokeo ya mpira tu.

"Maana yake," nilisema, "ni kwamba mtu asinywe kwa kulazimishwa na ndugu zake wa damu."

Wifi alinitazama, akaitazama pakiti, akanitazama tena.

"Basi mimi nimesalimika," alisema. "Mimi si damu yako. Mimi ni wifi tu."

"Na ndiyo nafuu yangu kubwa," nilimjibu.

Tulicheka wote watatu. Nakumbuka kicheko cha wifi kilichelewa.

Kesho yake asubuhi, baada ya kurusha mikono, nilisimama juu ya tofali mbele ya wenzangu nikawasomea pakiti ile, mbele na nyuma, kwa sauti. Wengi wao walikuwa hawajui kusoma. Walinisikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya habari. Nilipofika kwenye ule mstari wa tatu, niliufafanua bila kuombwa.

"Kulazimishwa na ndugu!" alipaza sauti Bi Kengele, mfagiaji wa shule ya jirani, aliyepewa jina hilo kwa sababu akiwa darasa la kwanza husikika darasa la saba. "Basi mimi nisiiguse hiyo dawa milele. Kwangu mimi hata kulala ninalazimishwa na ndugu!"

Uwanja mzima ulicheka. Mama Cherehani peke yake aliinua mkono. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni, kama kawaida.

"Mwenzangu," aliniuliza, "na sisi wenye presha, je?"

Nilirudia nyuma ya pakiti kutoka juu hadi chini. Nilipitisha kidole kwenye kila neno.

"Presha haikutajwa," nilimjibu. "Nimesoma kila neno. Neno presha halimo."

Na kwa kweli halikuwamo.

Katoni ya kwanza iliisha siku tatu. Ya pili haikumaliza siku mbili.

Sitadanganya: tulipungua. Sketi zilianza kutuzunguka viunoni, na Mama Cherehani alikesha na nguo zetu za kupunguza. Yeye mwenyewe alifurahi kuliko wote. Siku moja alinivuta pembeni akanionyesha gauni la bluu alilokuwa anajishonea. Niliona mara moja kwamba lilikuwa dogo.

"Hili lako?" nilimuuliza. "Litaingia?"

"Bado," alisema. "Nimejishonea mwili ninaoutaka. Huu nilio nao nimeuazima tu, nitaurudisha."

Yalikuwapo na mambo mengine, na sisi tuliyafurahia vilevile, kwa ujinga wetu. Mioyo ilikuwa inakwenda mbio hata tukiwa tumekaa. Mikono ilitetemeka. Bi Kengele alianza kuifagia shule mara mbili kwa siku, na mwalimu mkuu akampa barua ya pongezi. Mmoja akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, wenzake walimwambia, "Hayo ni mafuta yanatoka," na mimi, mwongozaji, nilitikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimewahi kuyaona mafuta yakitokea kichwani.

Sifa zetu zilifika kwa kamati ya jengo. Mvua zilikuwa zimeanza na ua ulikuwa unageuka tope, hivyo niliandika barua, kwa mkono wangu mwenyewe, kuomba tuingie kwenye ukumbi mkubwa. Katibu wa kamati alinijibu kwamba ukumbi unaombwa na wengi. Hata hivyo, kama daktari wa zahanati angekuja kutupima na kuthibitisha kwamba mazoezi yangu yanashusha presha, ukumbi ungekuwa wangu kila asubuhi. Asipothibitisha, hata uani tusingerudi, maana majirani walikuwa wamechoshwa na sauti ya Bi Kengele.

Daktari alikubali. Siku ikapangwa: Ijumaa, tarehe 10 Mei.

Jumatano ya wiki hiyo nilikwenda darasani nikiwa nimevaa sketi niliyoivaa mara ya mwisho kabla ya mtoto wangu wa tatu. Mwalimu wetu wa kisomo, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, aligawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja aliandika "Tunavyosema", upande wa pili "Inavyoandikwa".

"Leo tunajifunza maneno ya hospitali," alisema, "ili mtu akikupa karatasi usiishike kama picha."

Aliandika "sukari", na mkabala wake "kisukari". Aliandika "TB", na mkabala wake "kifua kikuu". Kisha akaandika "presha".

Chaki ilivuka mstari. Niliiona ikiandika shi, kisha ni, kisha ki. Kabla haijafika mwisho nilikuwa nimekwisha kulisoma, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kisomo nilitamani kuwa mtu asiyejua.

"Mwalimu," niliinua mkono, "hapo damu si ndugu?"

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alitabasamu.

"Hapana, mama. Damu hapo ni damu hii, inayosukuma mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Shinikizo la damu ndiyo hiyo hiyo presha. Andika."

Niliandika. Sijawahi kuandika neno kwa mwandiko mzuri kama ule, kwa sababu mkono haukutaka kulimaliza.

Kutoka darasani nilikwenda moja kwa moja dukani kwa wifi, kule anakouza mafuta ya nywele na sabuni za uso. Alikuwa anapanga pakiti za kijani rafuni, amezitanguliza mbele ya kila kitu.

"Wifi," nilimwambia, "shinikizo la damu ni presha."

Hakugeuka. "Ndiyo. Kwani wewe ulidhani ni nini?"

"Ulikuwa unajua!"

"Nani asiyejua?"

"Mimi! Nilikuuliza mbele ya kaka yako..."

"Hukuniuliza kitu." Sasa aligeuka, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayepimia mteja mafuta. "Ulisoma mwenyewe, ukaeleza mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu presha ni yake, amesoma onyo lake, ameamua kulipindua ili auze. Nikakuheshimu. Nikasema kumbe na wewe ni mfanyabiashara."

"Mimi sikupindua neno! Nilikosea!"

"Sawa, ulikosea. Basi nenda ukawaambie. Waambie lakini ni nani aliyesimama juu ya tofali. Mimi mguu wangu haujakanyaga ua wenu hata siku moja." Akaichukua pakiti moja akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Au nyamaza siku mbili. Daktari apime, upewe ukumbi, kisha useme unga umekwisha madukani. Hakuna aliyekufa, wifi."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Nilitegemea anicheke. Badala yake alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama watoto, hilo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa sababu mimi..." Alitazama upande wa jikoni. "Kijiko kimoja. Viwili, siku nyingine."

"Wewe! Wewe uliyesema wanawake wanaoruka uani ni watu wazima waliobakiza herufi moja wawe wazimu!"

"Niliona kiuno chako," alisema kwa aibu. "Nikasema huyu ataniacha na tumbo langu."

"Na moyo? Unakwenda mbio?"

"Wiki ya pili sasa. Hasa asubuhi, ukiwa unavaa raba zako." Alijikuna shingo. "Nilidhani nimeanza kukupenda upya."

Sikujua nicheke au nilie. Katika miaka ishirini na tisa hilo ndilo neno zuri kuliko yote aliyowahi kuniambia, na lilikuwa limetoka kwenye pakiti.

Alikwenda jikoni, akaumwaga unga wote kwenye sinki, akafungulia maji. "Nenda ukawaambie," alisema. "Sasa hivi, kabla hujavua viatu."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Nitakwenda, baba watoto."

Haya ndiyo niliyokusudia kuungama leo, na yaliyotangulia yote yalikuwa njia ya kufika hapa. Kulisoma neno vibaya ni kosa, na kila aliyeketi darasani amelifanya. Lakini kuanzia saa tisa ya Jumatano hiyo nilikuwa ninalijua neno hilo kwa usahihi, na bado sikwenda. Niliwaza ukumbi. Niliwaza sakafu yake ya mbao na madirisha yake makubwa. Niliwaza meneja wa hoteli akipita nje na kuniona nimesimama.

Alhamisi asubuhi nilisimama juu ya tofali langu nikasema uongo uliovaa nguo safi.

"Ndugu zangu, kuanzia leo tuache unga kidogo, ili daktari kesho apime mazoezi peke yake. Tuupumzishe mwili."

"Tuupumzishe!" waliitikia. Hakuna aliyeuliza sababu. Mmoja tu aliniuliza kwa nini kichwa kinamgonga, nikamjibu kwamba ni mafuta.

Tulipokuwa tunatawanyika, Mama Cherehani alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwenzangu, mimi gauni limebakiza vidole viwili tu kufunga," alinong'ona. "Usiniseme kwa wengine. Nitamalizia uliobaki, kisha nitaacha."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwapo, lote, silabi zote saba, ningeweza hata kuliandika ubaoni.

"Usizidishe," nilimwambia.

"Sizidishi," alisema, akaenda zake.

Ijumaa daktari alifika saa mbili na nusu, na kipimo chake kwenye mkoba mweusi. Tumbo lilitangulia, mwenyewe akafuata. Katibu wa kamati alikaa pembeni akiwa na funguo za ukumbi mkononi, akizichezesha ili tuzisikie.

"Mama Mazoezi!" daktari aliita. "Leo umeniletea madaftari mangapi?"

Wenzangu walicheka kwa heshima yake. Wifi yangu, ambaye mguu wake haujawahi kukanyaga ua wetu, alikuwa amesimama getini, amekunja mikono, ananitazama.

Bi Kengele alipimwa wa kwanza. Daktari alisoma, akapiga kipimo kwa kidole, akampima tena mkono wa pili. Akamwita wa pili. Alipomaliza wa nne alikuwa hachezi tena.

"Akina mama," aliuliza, "mnakunywa nini?"

Bi Kengele mwenyewe alinyamaza, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. Kisha, mmoja baada ya mwingine, walinigeukia mimi, kwa imani ile ile waliyokuwa nayo siku nilipowasomea. Walikuwa wananisubiri nijibu kwa niaba yao, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Getini, wifi alitikisa kichwa polepole: usithubutu.

Nilipanda juu ya tofali. Niliitoa pakiti mfukoni, nikaigeuza nyuma.

"Haifai kwa wenye shinikizo la damu," nilisoma. "Niliwaambia maana yake ni kulazimishwa na ndugu. Siyo. Maana yake ni presha. Nimelijua jambo hilo tangu juzi mchana. Jana niliposema tuupumzishe mwili, nilikuwa ninalijua."

"Tangu juzi?" mmoja aliuliza.

"Tangu juzi."

"Mimi nilikuuliza jana kwa nini kichwa kinanigonga," mwingine alisema. "Ukaniambia mafuta."

"Nilikwambia."

"Sisi hatujui kusoma," Bi Kengele alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Tulidhani tofauti yetu na wewe ni hiyo tu."

Hakuna tusi lililowahi kunifika kama hilo, na mimi, niliyekaa na wifi miaka ishirini na tisa, nimeyasikia mengi.

Daktari alinipokonya pakiti, akaisoma mwenyewe. Katibu wa kamati alisimama, akazitia funguo mfukoni, akaondoka bila kuaga. Nilimtazama akienda na sikuhisi kitu. Nilipotazama getini, wifi naye hakuwapo.

"Kila aliyekunywa hiki kitu abaki hapa, akae kivulini, nimpime," daktari aliamuru. "Hakuna kwenda nyumbani. Mko wangapi kwenye orodha?"

"Kumi na wanane," nilijibu.

Alihesabu kwa kidole, nami nikahesabu pamoja naye, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua. Tangu asubuhi nilikuwa nimeona nafasi yake iko wazi mstari wa mbele, nikajiambia kwamba amechelewa kwa sababu ya wateja.

"Naona kumi na saba."

Nilikuwa nimekwisha kushuka kwenye tofali, ninakimbia.

Chumba cha Mama Cherehani kiko mtaa wa pili, mlango wa bluu unaotazama barabara. Daktari alinifuata na mkoba wake, akihema, akijishikilia ukutani kila baada ya nyumba mbili, na sikuwa na hamu ya kumcheka. Tulikuta mlango umefungwa kwa ndani. Nilipiga hodi. Niliita jina lake, lile la utotoni ambalo tunaitana tukiwa wawili tu.

"Yupo," daktari alisema, akiwa amesikiliza. "Anashona. Sikia, mashine inakwenda."

Na kweli ilikuwa inakwenda. Cherehani yake ya umeme ilikuwa inalia ndani, kwa kasi yake yote.

Nilitega sikio mlangoni. Nimekaa karibu na mashine ile miaka kumi na mitano. Ninaijua inavyokwenda na kusimama, kwenda na kusimama, mshonaji anapogeuza kitambaa. Nilisubiri isimame. Ilikuwa inalia tu, mfululizo, bila kugeuza kitu, kama mguu uliolala juu ya kanyagio.

"Daktari," nilimwambia, "hakuna mshono mrefu namna hiyo."

Alitua mkoba chini, akaweka bega lake kwenye mlango.

Ndugu msomaji, usilitumie gazeti hili kufungia sabuni. Mpelekee mama mmoja mwenye pakiti jikoni kwake, na kama herufi zinamshinda, kaa naye umsomee mbele na nyuma. Mkifika kwenye neno ambalo wote wawili hamlijui, msilifafanue. Inukeni mkaulize, siku hiyo hiyo.